Mito Iliyogeuzwa Njia: Ziwa Victoria Lilitoka Wapi?

Ndugu zangu wasomaji, sote tunajua kwamba maji hufuata mteremko. Je, mteremko wenyewe umewekwa na nini? Umewekwa na ardhi, nayo haijatulia hata kidogo.

Chukueni ramani ya Uganda muutazame mto Katonga. Katikati yake kuna kinamasi, na kutoka hapo maji mengine yanakwenda mashariki hadi Ziwa Victoria, mengine magharibi hadi Ziwa George. Mto mmoja, pande mbili! Hii ni kwa sababu zamani Katonga, Kafu na Kagera yote ilitiririka kwenda magharibi, upande wa Kongo. Halafu Bonde la Ufa la magharibi likazidi kupanuka na kingo zake zikanyanyuka polepole, kama mtu anayeinua upande mmoja wa sinia lenye maji. Mito ikakosa pa kupita, maji yakarudi nyuma na kutuama. Basi ndivyo lilivyozaliwa Ziwa Victoria, yapata miaka 400,000 iliyopita.

Ndiyo maana ziwa hili ni pana mno, kilomita za mraba 68,000 na ushei, lakini kina chake ni mita 80 hivi tu. Tanganyika, lililomo ndani ya ufa wenyewe, linapita mita 1,400.

Aina ya mwamba nayo ina kauli yake. Ziwa lilipojaa lilipata upenyo Jinja, na huko mwamba mgumu ukawa kizingiti. Mto haukuweza kuuchimba upesi, hivyo mwamba ndio uliopima maji ya kutoka. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko ya Ripon yalizama na kazi hiyo ikachukuliwa na bwawa.

Haya si ya zamani tu. Mei 2020 ziwa lilivuka rekodi ya mwaka 1964, na watu wengi wa mwambao wakahama Kenya, Uganda na Tanzania. Beseni bapa lenye mlango mmoja likipata mvua nyingi, maji hayana budi kusambaa pembeni.

Kwa hiyo wahandisi wenzangu, siku mtakapopewa kazi ya kujenga mwalo au barabara kando ya ziwa lile, takwimu za mvua za miaka 30 hazitoshi. Ulizeni pia ardhi ile iliinuliwa vipi, na maji yakizidi yatatokea wapi.