Vimilikishi vya Kiromania na Mwanafunzi Ajuaye Kiswahili

1. Utangulizi

Kiromania ni mojawapo ya lugha zilizotokana na Kilatini, na kwa hiyo ni ndugu wa Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania na Kireno. Huzungumzwa hasa katika nchi za Romania na Moldova. Mwanafunzi wa kigeni anayetaka kusoma kwa lugha hiyo katika vyuo vikuu vya Romania, pasipo kuijua kwanza, hupitia mwaka wa matayarisho ambao kazi yake kubwa ni lugha. Katika majuma ya mwanzo ya mwaka huo hukutana na vivumishi vya kumiliki, yaani vimilikishi, na hapo wengi hujikwaa.

Sababu moja ya kujikwaa huko ni njia ya kufundishia. Mwanafunzi atokaye Afrika ya Mashariki, akipewa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, huongozwa aanzie kwenye kimilikishi cha Kiingereza, ambacho hakibadiliki hata nomino ikibadilika. Kutoka hapo, Kiromania huonekana kuwa lugha yenye maumbo mengi yasiyo na sababu. Lakini mwanafunzi huyo tayari anayo lugha ambayo kimilikishi chake hubadilika kila nomino inapobadilika, naye hukosea mara chache tu anapoisema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ni mlango ulio karibu zaidi wa kuingilia katika vimilikishi vya Kiromania, na kutaja pia mahali ambapo mlango huo hautoshi.

Kuhusu tahajia ya mifano, yatosha kusema kwamba ș husomwa kama sh, ț husomwa kama ts, nayo ă ni irabu fupi ya katikati ya kinywa, isiyokuwamo katika Kiswahili sanifu.

2. Mzizi na upatanisho

Kimilikishi cha Kiswahili kina sehemu mbili. Mzizi humtaja mwenye kitu: -angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao. Kiambishi cha mwanzo hutaja ngeli ya kitu chenyewe: kitabu changu, vitabu vyangu, jicho langu, nyumba zangu. Mwenye kitu ni yule yule, bali neno limebadilika kwa kufuata kinachomilikiwa.

Kiromania hufanya vivyo hivyo, isipokuwa upatanisho huonekana mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadili kichwa cha kimilikishi, Kiromania hubadili mkia. Nomino za Kiromania zina jinsia ya kiume au ya kike, zina umoja na wingi, na kimilikishi hufuata hayo yote. Maumbo yake ni haya, kwa mfuatano wa kiume umoja, kike umoja, kiume wingi, kike wingi:

-angu: meu, mea, mei, mele
-ako: tău, ta, tăi, tale
-ake: său, sa, săi, sale
-etu: nostru, noastră, noștri, noastre
-enu: vostru, voastră, voștri, voastre

Kwa nafsi ya tatu wingi, yaani -ao, kuna neno moja tu lisilobadilika, nalo ni lor. Kwa hiyo mtu husema băiatul meu (mvulana wangu), băieții mei (wavulana wangu), fata mea (msichana wangu), fetele mele (wasichana wangu).

Mwanafunzi akiambiwa kwamba yampasa kujua maumbo ishirini, huenda akakata tamaa. Na aihesabu lugha yake kwanza. Viambishi vya upatanisho vinavyotangulia -angu ni tisa: wangu, yangu, changu, vyangu, langu, zangu, kwangu, pangu, mwangu. Vikizidishwa kwa mizizi sita, jumla ni maumbo hamsini na manne. Mtoto anayekua katika Kiswahili huyatumia hayo bila kuyahesabu, kwa kuwa anajua kanuni. Kanuni ya Kiromania ni hiyo hiyo, tena kwa hesabu ndogo.

3. Jinsia ya tatu

Sarufi za Kiromania hutaja jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Ndani yake mna nomino nyingi za vitu visivyo na uhai, kama scaun (kiti). Katika umoja husemwa scaunul meu, kwa upatanisho wa kiume. Katika wingi husemwa scaunele mele, kwa upatanisho wa kike. Kwa mwanafunzi anayefikiri kwa mantiki ya kiume na kike, jambo hili ni kioja: kiti kimoja ni dume, viti viwili ni majike.

Kwa msemaji wa Kiswahili hapana kioja. Atazame nomino ukuta. Katika umoja husemwa ukuta wangu, na kimilikishi hakitofautiani na kile cha mti wangu. Katika wingi husemwa kuta zangu, na kimilikishi hakitofautiani na kile cha nyumba zangu. Ukuta umeazima upatanisho ulio sawa na wa ngeli moja katika umoja, na ulio sawa na wa ngeli nyingine katika wingi, wala hakuna anayeuliza kama ukuta ni mti au ni nyumba. Nomino scaun ina tabia hiyo hiyo. Mwalimu akiiita ngeli badala ya kuiita jinsia, nusu ya ugumu huondoka.

4. Mwenye kitu ni mume au ni mke?

Mwanafunzi aliyeanzia Kiingereza hukosea sana katika nafsi ya tatu. Kwa kuwa Kiingereza huchagua neno kwa jinsia ya mwenye kitu, huona său na sa, akadhani la kwanza ni la mwanamume na la pili ni la mwanamke. Akitaka kusema kuwa Maria amekuja na nduguye wa kiume, husema fratele sa, na hilo ni kosa. Sahihi ni fratele său, kwa kuwa frate (ndugu wa kiume) ni nomino ya kiume, hata kama mwenye ndugu ni mwanamke.

Msemaji wa Kiswahili anajua tayari kwamba -ake haisemi lolote juu ya jinsia ya mwenye kitu. Său, sa, săi, sale ni -ake kamili: mzizi unamtaja yeye, mkia unafuata kitu.

Lakini Kiromania kina njia ya pili, ambayo Kiswahili hakina. Panaweza kutumiwa lui kwa mwenye kitu wa kiume, na ei kwa mwenye kitu wa kike: cartea lui (kitabu chake, cha mwanamume), cartea ei (kitabu chake, cha mwanamke). Maneno haya hayabadiliki kamwe kwa ajili ya kinachomilikiwa: cărțile lui, scaunul ei, prietenii ei. Katika mazungumzo ya kila siku lui na ei ndiyo yanayosikika zaidi, ilhali său na wenziwe huelekea zaidi kwenye maandishi na usemi rasmi. Ni vyema basi mwanafunzi anayeanza atumie lui na ei katika kusema, na aifahamu jozi ya pili katika kusoma.

5. Nomino haiji peke yake

Mpaka hapa Kiswahili kimekuwa kiongozi mwema. Mahali kinapoanza kupotosha ni katika nomino yenyewe. Kiromania kina kibainishi, yaani alama inayoonyesha kwamba kitu kinachotajwa ni kile kinachojulikana, na alama hiyo hubandikwa mwishoni mwa nomino: prieten (rafiki), prietenul (yule rafiki), carte (kitabu), cartea (kile kitabu), casă (nyumba), casa (ile nyumba). Kimilikishi kikifuata nomino moja kwa moja, nomino hiyo haina budi kuwa na alama hiyo. Husemwa cartea mea, wala haisemwi carte mea. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hii, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huisahau.

Kosa hili huzidi baada ya vihusishi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba baada ya vihusishi vingi alama ya kibainishi huanguka: în casă, ndani ya nyumba. Ni kweli, lakini kimilikishi kikiongezwa, alama hurudi: în casa mea, ndani ya nyumba yangu. Inafaa mambo hayo mawili yafundishwe pamoja.

Kwa upande wa mpangilio wa maneno, hata hivyo, Kiswahili kinasaidia tena. Casa mea nouă ni nyumba yangu mpya, neno kwa neno: nomino, kimilikishi, kisha sifa.

6. Neno la kuunganisha: al, a, ai, ale

Sehemu inayoogopwa kuliko zote ni maneno manne madogo: al (kiume umoja), a (kike umoja), ai (kiume wingi), ale (kike wingi). Hutumika pale ambapo kimilikishi hakikugusana na nomino yenye alama ya kibainishi. Mathalani:

un prieten al meu: rafiki yangu mmoja
o carte a mea: kitabu changu kimoja
trei prieteni ai mei: rafiki zangu watatu
această casă a mea: nyumba yangu hii
Cartea este a mea: Kitabu ni changu

Katika mfano wa nne kibainishi hakikubandikwa kwenye nomino, kwa kuwa kiashiria kimetangulia. Katika wa tano kitenzi kimeingia kati.

Maneno haya ni nini? Tazama swali la Kiromania A cui este cartea? Kwa Kiswahili ni Kitabu ni cha nani? Ale cui sunt cărțile? ni Vitabu ni vya nani? Neno cui linasimama mahali pa nani, na a au ale ni cha au vya. Kwa ufupi, al, a, ai, ale ni ndugu wa -a unganifu: hutangulia mwenye kitu, lakini hupatana na kitu.

Ulinganifu huu unaingia ndani zaidi ya sura ya nje. Wachunguzi wa lugha za Kibantu wameonyesha kwamba kimilikishi chenyewe kina -a unganifu ndani yake: wangu ni w-a-ngu, na wetu ni w-a-itu, ambapo a na i zimeungana zikawa e. Kwa hiyo prieten al meu na rafiki w-a-ngu vimejengwa kwa vipande vinavyolingana. Tofauti ni mbili. Kwanza, Kiswahili hakiachi kiunganishi hicho kamwe, ilhali Kiromania hukiacha pale alama ya kibainishi inapogusana na kimilikishi. Pili, Kiromania hupatanisha mara mbili: katika a mea, a na mea yote mawili yanafuata jinsia ya kitabu.

7. Wingi usio wingi

Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa mapema. Nomino ya kike ya umoja, inapokuwa katika hali ya kumiliki au ya kupokea, huchukua kimilikishi chenye umbo la wingi. Ușa casei mele ni mlango wa nyumba yangu, na nyumba ni moja tu. Cartea surorii mele ni kitabu cha dada yangu, na dada ni mmoja. Katika nomino za kiume hakuna mabadiliko hayo: cartea fratelui meu, kitabu cha kaka yangu. Kiswahili hakina kitu cha kulinganishwa na hili, na mwanafunzi hana budi kulikariri. Msaada uliopo ni kwamba nomino nyingi za kike nazo huchukua hapo shina la wingi: case ni nyumba nyingi, na casei imejengwa juu yake. Kimilikishi kinafuata tu mwenendo wa nomino.

8. Jamaa na mwili

Yamebaki mambo mawili ambamo lugha hizi mbili hukutana. La kwanza ni majina ya jamaa. Katika mazungumzo, Kiromania huambatanisha kimilikishi na jina la jamaa bila alama ya kibainishi: frate-meu, frate-tău, soră-mea, soră-sa. Kiswahili nacho husema nduguyo, nduguye, mkewe, mumeo, mwanangu. Katika lugha zote mbili muungano huu hupatikana hasa katika majina ya watu wa karibu. Hakuna asemaye scaun-meu. Tofauti ni kwamba mkewe na mwanangu hukaa vyema hata katika maandishi rasmi ya Kiswahili, ilhali frate-meu ni usemi wa mazoea, usiofaa kuandikwa katika barua ya ofisi.

La pili ni viungo vya mwili na vitu vilivyo karibu na mtu. Hapo Kiromania hupendelea kuacha kimilikishi na kumtaja mwenye kitu pamoja na kitenzi: Mă doare capul, yaani kichwa kinaniuma, Mi-am spălat mâinile, nimenawa mikono, Mi-a rupt cămașa, amenichania shati. Kipande mi- katika sentensi ya mwisho kinafanya kazi ya -ni- katika amenichania. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza huingiza meu na mele mahali pote, na Kiromania chake huwa kizito. Anayefikiri kwa Kiswahili huyaacha bila kuambiwa.

9. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mpangilio unaofaa wa masomo waweza kuwa huu: kwanza kimilikishi baada ya nomino yenye kibainishi, pili lui, ei na lor, tatu al, a, ai, ale, kwa kupitia swali la cha nani, nne hali ya kumiliki na kupokea, na mwisho majina ya jamaa. Katika hatua ya kwanza, ya tatu na ya mwisho, Kiswahili kina mengi ya kutoa. Katika ya pili na ya nne, na katika suala la kibainishi, mwalimu hana budi kuonya waziwazi kwamba daraja limekatika.

Aghalabu Kiswahili huachwa nje ya darasa la lugha za Ulaya, kana kwamba mwanafunzi huingia humo mikono mitupu. Vimilikishi vya Kiromania vinaonyesha kinyume chake. Aliyelelewa katika changu na vyangu ameshaifahamu kanuni iliyo kuu kuliko zote katika somo hili, nayo ni kwamba kimilikishi hutaja mwenyewe, lakini hukitii kitu.