Jinsi Redio ya Mawimbi Mafupi Inavyoitoa Sauti Katika Wimbi

Wasikilizaji wangu, jioni hii naanza na habari ya magunia sita ya mbata. Mwaka 1994, nilipokuwa mtoto wa shule, mjomba wangu aliketi barazani usiku na redio yake ya mawimbi mafupi, akasikia ikitangazwa kwamba meli itaondoka alfajiri ya Jumamosi. Akakodi punda, akapeleka mbata yake gatini, akalala palepale juu ya magunia. Jumamosi ikapita, na Jumapili pia; meli haikuonekana, mvua ikanyesha, mbata ikaota ukungu. Baadaye jirani mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa mbali kidogo na ya mjomba, alituambia kwamba yeye alisikia vema: meli haitaondoka. Silabi moja, "ha", ilikuwa imepotea. Na katika lugha yetu kukubali na kukana hutengana kwa silabi moja tu.

Mjomba hakuwa kiziwi, wala mtangazaji hakukosea. Basi silabi ile ilikwenda wapi? Ili kujibu swali hilo, hatuna budi kujua jinsi redio inavyoishusha sauti kutoka katika wimbi, maana ziko njia nyingi, na hazilingani.

Sauti ya mtu hutikisa hewa mara mia kadhaa, hata elfu chache, kwa sekunde moja. Mawimbi mafupi hutikisika mara milioni 3 hadi milioni 30 kwa sekunde, na urefu wake ni mita 100 hadi mita 10. Sauti haiwezi kwenda mbali kwa miguu yake yenyewe. Hutwikwa juu ya wimbi la redio, kama mzigo kichwani pa hamali. Wimbi hilo na tuliite mchukuzi. Kimo chake hupanda na kushuka kwa kuifuata sauti, na kwa kufanya hivyo huzaa mawimbi mengine, upande huu na upande huu, kama mabawa ya ndege. Mzigo wote umo katika mabawa hayo. Mchukuzi mwenyewe hana neno analolisema, ijapokuwa hula sehemu mbili katika tatu za nguvu za mtambo, au zaidi. Chombo cha kuushusha mzigo huo katika redio twakiita kitambuzi.

Kitambuzi cha kwanza kilichotumika sana kilikuwa kibomba cha kioo chenye unga wa chuma, kilichotokana na uchunguzi wa Edouard Branly wa Ufaransa mwaka 1890. Wimbi likifika, chembe za unga hushikamana na kupitisha umeme, kisha sharti kibomba kigongwe ili zitengane tena. Chombo hicho kilijua kusema "liko" au "haliko" tu; sauti ya mtu hakikuiweza kabisa.

Baadaye lilikuja jiwe la galena, yaani madini ya risasi na kiberiti, lenye sindano nyembamba ya waya iliyoligusa. Jagadish Chandra Bose, mtaalamu wa Bara Hindi, alipata hataza ya kitambuzi cha galena mwaka 1904. Tazameni vali ya gurudumu la baiskeli: upepo waingia, wala hautoki. Galena hufanya vivyo hivyo kwa umeme. Wimbi huvuta na kusukuma kwa nguvu sawasawa, na vuta nikuvute hiyo haiwezi kulitikisa sikilizio la masikioni. Lakini upande mmoja ukizuiwa, hubaki msukumo mmoja ambao nguvu zake hupanda na kushuka kama sauti. Redio ya jiwe haina betri, na wanafunzi wangu huiunda kwa siku moja. Walakini hutaka waya mrefu na kituo chenye nguvu kilicho karibu, na sindano ikiteleza kidogo, kimya. Kwa vituo vya mbali ni bure tu.

Mwaka huohuo wa 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza taa yenye kazi ileile ya kupitisha umeme upande mmoja. Ndiyo maana Waingereza waliiita vali. Kisha kijana wa Marekani, Edwin Armstrong, mwaka 1912 alivumbua hila ya ajabu. Aliuchukua umeme uliokwisha kuzwa na taa, akaurudisha kidogo mlangoni ukuzwe tena, na tena. Kwa taa moja aliweza kusikia vituo ambavyo wengine hawakuvisikia kwa taa kadhaa. Mimi naipenda sana redio ya namna hii, kwa kuwa humfundisha mtu subira ya vidole. Ukigeuza kifundo kidogo mno, husikii. Ukizidisha nywele moja, redio yapiga mluzi na kuanza yenyewe kutoa mawimbi, ikawaharibia majirani. Na hali ya anga ikibadilika usiku, huna budi kukigeuza upya. Sikushauri kumpa mzee anayetaka kusikiliza habari kwa raha.

Kwa hiyo redio nyingi zilizouzwa madukani zilirudia vali ya upande mmoja, ambayo siku hizi ni kipande kidogo kiitwacho dayodi. Kabla ya kufika huko, wimbi hukuzwa na kuchujwa vizuri. Dayodi hupima kimo cha wimbi tu. Ni chombo rahisi, hakina kifundo cha kugeuza, na kwa kituo cha karibu sauti yake ni safi. Redio ya mjomba ilikuwa ya namna hii.

Sasa turudi barazani. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka za anga zenye umeme, ambazo Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwake mwaka 1924. Wimbi moja laweza kukufikia kwa njia mbili: moja fupi, moja ndefu. Katika mawimbi ya mita 60, njia moja ikizidi nyingine kwa mita 30 tu, kilele cha wimbi hili hukutana na bonde la wimbi lile, na yote mawili hufutana. Ukisogea mahali pengine hesabu yageuka. Ndiyo sababu jirani alisikia. Tena hazifutwi sehemu zote za matangazo kwa mara moja. Tuseme njia moja imezidi nyingine kwa kilometa 60: basi pengo hutokea kila baada ya mitikisiko 5,000, na mapengo hayo hutembea polepole kadiri anga inavyobadilika. Pengo likiangukia bawa, sauti hubadilika kidogo. Likimwangukia mchukuzi, hapo ndipo msiba. Mabawa yangali yapo, na mzigo wote umo, lakini kimo cha wimbi hakifuati tena sauti, na dayodi haijui kupima ila kimo. Sauti hukwaruza, maneno hukatika. Yamkini "ha" ya mjomba ilifika hadi redioni mwake mzima, ikafia kwenye dayodi.

Dawa yake ni kutomtegemea mchukuzi aliyechoka. Redio hutengeneza wimbi lake lenyewe, lenye mtikisiko uleule na hatua zilezile, kama askari wawili wanaokwenda pamoja. Kisha huzidisha wimbi hilo na yale yaliyopokewa, na sauti hujitenga. John Costas wa Marekani aliieleza njia hii kwa ufasaha mwaka 1956, na mwaka 1985 kampuni ya Sony ya Ujapani iliitia katika redio ya mkononi, ICF-2001D. Mchukuzi akizama kwa kitambo, wa nyumbani huendelea. Kadhalika kituo kingine kikilipigia kelele bawa la kulia, mwaweza kusikiliza la kushoto peke yake. Ila si muujiza: bawa lililofutwa halirudi, na mchukuzi akipotea muda mrefu, hatua hupotezwa na mluzi husikika. Tena redio hizo ni ghali.

Kwa mwenye mfuko mwepesi iko njia ya katikati. Mabaharia na mafundi wa redio hutuma bawa moja tu, bila mchukuzi, ili wasipoteze nguvu. Ukiwasikiliza kwa dayodi, utasikia bata wakizozana. Kwa hiyo redio nyingine huwa na swichi ya SSB, inayotoa mchukuzi wa nyumbani anayeongozwa kwa mkono. Swichi hiyo yafaa hata kwa matangazo ya kawaida. Iwasheni, mtasikia mluzi. Geuzeni kifundo taratibu mpaka mluzi ushuke, uwe mnguruma, utoweke. Mkikosea hata mitikisiko 50, sauti ya mtangazaji itakuwa kama ya mtu mwingine, lakini maneno yatasikika.

Nilimfundisha mjomba kufanya hivyo miaka mingi baada ya mkasa wa mbata. Aliujua mluzi ule upesi kuliko wanafunzi wangu, akisema ni kama kukaza uzi wa ngalawa: unasikiliza, unakaza kidogo, unasikiliza tena.