Finalisti aliyesomea nyumbani naye ana haki ya proklamasio



Kila mwisho wa mwaka wa masomo viwanja vya shule vinajaa. Wazazi wanasimama juani, mkuu wa shule anashika karatasi, na majina yanaitwa moja moja pamoja na asilimia. Hata mtoto aliyepata 51 anapigiwa vigelegele na shangazi zake kana kwamba ameshinda uchaguzi. Ndiyo proklamasio, na wote tumeizoea.

Lakini wapo vijana ambao hakuna uwanja unaowangoja. Yupo msichana aliyezaa akiwa darasa la nne la sekondari, akaona haya kurudi. Yupo kijana aliyekimbia vita kijijini, akafika hapa Bukavu bila hata buletini. Wapo watoto wa nyumba ambazo minerval imezishinda. Maana tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari bado ni mfuko wa mzazi. Hao wamesomea nyumbani, kwenye meza ya salon ya mama mmoja wetu, kwa madaftari ya kuazima, saa ambazo wenzao wamepumzika. Sheria inawaruhusu. Wanajiandikisha kama otodidakti, wanafanya mtihani wa awali wa kuwapima, na wakipita wanaingia Exetat sawa na wengine: insha ya Kifaransa kwanza, kisha siku nne za kikao cha kawaida. Na kizingiti ni kilekile, asilimia 50. Hakuna anayewahurumia kwa sababu walisoma huku wakinyonyesha.

Katika vikundi vyetu jambo moja limeleta mabishano: sherehe yao tuifanye lini? Wamama wengi wanasema tungoje matokeo. Tukishangilia mapema, kisha mtoto akaanguka, majirani watatucheka. Neno hilo tumelisikia, wala si la kudharau.

Sisi tunaosimamia masomo tunaona vingine. Siku ya matokeo ina sherehe yake tayari, na haihitaji kamati. Simu inalia, mtu anapiga kelele, poda nyeupe inamwagwa kichwani, avenue nzima inatoka nje. (Tafadhali, msiwamwagie wenye pumu, wala msiruhusu watoto wapande watatu juu ya pikipiki moja.) Sherehe hiyo ni ya dipoloma. Ya kwetu ni ya kazi. Hata shuleni mtoto anafanyiwa proklamasio ya darasa lake bila kungoja Exetat iseme nini. Kwa nini yule wa nyumbani angoje?

Tena fikirini vijana wanne waliosoma pamoja miaka miwili. Watatu wamefaulu, mmoja ameanguka. Tukifanya sherehe baada ya matokeo, huyo mmoja ndiye atakayekuwa jikoni akiosha sahani za wenzake. Mmeshaliona jambo hilo. Na ukimwona jikoni siku ile, jua mwaka ujao hatajiandikisha tena, hata kama alikosa alama tatu tu. Hesabu inaweza kurudiwa. Haya ndiyo inayomfungia mlango. Basi tunapendekeza Jumamosi moja kati ya siku ya mwisho ya mtihani na siku ya matokeo, wakati wote wanne wako sawa mbele za watu.

Saa nane mchana hadi saa kumi na moja inatosha. Watu warudi nyumbani kungali mwanga. Mkuu wa avenue ajulishwe mapema, na aalikwe, lakini asipewe hotuba ndefu. Anayestahili kusema ni mama aliyefundisha, na baada yake kijana mwenyewe.

Mahali pazuri pa kuweka nguvu ni meza ya madaftari. Yapangeni yote, la kwanza hadi la mwisho, hata yale yenye alama za mafuta ya taa na mikwaruzo ya mtoto mchanga. Wageni wafunue, wasome. Baba mdogo aliyekuwa akisema "huyu anapoteza wakati wake" akiona kurasa mia mbili za biolojia zilizoandikwa kwa mkono, atanyamaza bila mtu kumjibu. Nyanya asiyejua kusoma apewe kiti karibu na meza hiyo, na mjukuu amsomee ukurasa mmoja kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Halafu majina yaitwe kwa sauti, jina kamili, pamoja na la baba na la mama, na kijana apite mbele. Msiruke hapo kwa sababu chakula kinapoa. Watu wamekuja kwa ajili ya dakika hiyo.

Juu ya toge na kofia, kila kikundi kitaamua. Zamani tuliziona kwa wanaomaliza chuo kikuu tu. Siku hizi hata watoto wa shule ya chekechea wanavalishwa, na hawajui hata kufunga viatu. Kama mtapata za kuazima, vema. Kama hapana, nguo safi ya Jumapili inatosha. Wala msilazimishe kitenge kimoja kwa wageni wote. Mama asiye na pesa ya pagne hatakuja, na huenda huyo ndiye aliyemlea mtoto wa msichana wakati wa masomo. Kitambaa cha kichwa cha rangi moja kinapendeza vilevile.

Cheti cha chama kiandikwe kwa uangalifu. Juu yake wekeni jina la chama, jina la mwanafunzi, masomo aliyofuata, miaka aliyosoma, na sahihi za waliomfundisha. Msiweke bendera ya Jamhuri wala nembo yake, na msitumie neno dipoloma. Dipoloma inatolewa na serikali peke yake, na karatasi inayofanana nayo inaweza kumtia kijana mashakani siku atakapoipeleka ofisini bila kujua. Andikeni tu "Cheti cha pongezi".

Chakula kisiwasumbue. Kila mama alete sahani yake: huyu sombe, yule maharage, mwingine sambaza, na kikundi kinunue mchele na sukre kidogo. Pesa isitoke katika kasha nyekundu la MUSO. Kasha lile ni la ugonjwa na msiba, na msiba haungoji sherehe iishe. Wala msikope kutoka kasha la kijani kwa ajili ya spika na mwanamuziki. Tumeona nyumba ikicheza hadi asubuhi, kisha mwezi wa kumi kijana amekaa tu kwa sababu hakuna pesa ya kumwandikisha chuo.

Kwa hiyo kwenye mwaliko andikeni wazi: zawadi ni ambulopu ya kuandikishwa. Glasi na sahani tunazo. Ambulopu zifunguliwe siku ileile mbele ya mama, kijana na mweka hazina, zihesabiwe, ziandikwe katika daftari, na zilindwe mpaka siku ya kulipa. Atakayeanguka, fungu lake lisirudishwe kwa wageni: ni la kujiandikisha mtihani wa mwaka ujao. Hilo litangazwe siku ya sherehe, kabla mtu yeyote hajajua ni nani.

Mfano wa cheti uko kwa mwandishi wa chama, Jumatano na Ijumaa baada ya saa tisa. Njooni na karatasi ngumu zenu, maana zetu zimekwisha.