Yaya akifunza Kizungu, bado ni yaya?

Juzi hapa Kimbo, kati ya Ruiru na Thika, mama mmoja wa ploti yetu alikuwa akitafuta yaya "anayejua Kizungu, afunze mtoto". Swali ni hili, mpenzi msomaji: huyo bado ni yaya?

Neno yaya linahusishwa na aya la Kihindi, lililotokana na aia la Kireno. Kwa Wareno, aia alilea watoto wa wakubwa na hata kuwafunza. Kwetu ualimu ulidondoka, ukabaki ulezi. Mitaani ndiye anti, au mboch kwa wasio na adabu.

Uingereza ya karne ya 19 ilitofautisha mlezi na mwalimu wa nyumbani. Huyu wa pili alitakiwa kujua Kifaransa, maana ndicho kilichokuwa "Kizungu" cha matajiri. Mwandishi Charlotte Brontë aliifanya kazi hiyo. Mwaka 1841 alilipwa pauni 20 kwa mwaka, na pauni 4 zikakatwa za kufuliwa nguo. Mwaka 1842 akaenda Brussels kukinoa Kifaransa chake. Katika riwaya yake, Jane Eyre (1847), Jane anaahidiwa pauni 30 kumfunza Adèle, msichana Mfaransa.

Basi anayepika, kufua, kulea na kufunza lugha ana kazi mbili. Ukitaka ualimu, mwite mwalimu wa nyumbani, kisha umlipe kama mwalimu. Ukitaka yaya, mwache amzungumzie mtoto Kiswahili sanifu. Hilo nalo ni somo.