Rejeta kubwa pekee haiokoi injini ya turbo

WENYE magari ya turbo, kama vile Subaru Impreza WRX, hukimbilia kuongeza nguvu za injini na kusahau kwamba nguvu zaidi ni joto zaidi.

Wengine huiondoa intakula, kifaa kinachopoza hewa itokayo kwenye turbo, kutoka juu ya injini na kuifunga mbele ya rejeta. Hewa iingiayo kwenye injini hupoa, ila ile inayoifikia rejeta huwa tayari imepata moto. Hapo ndipo rejeta nene ya alumini na feni zenye nguvu huhitajika.

Lakini kifaa kinachodharauliwa zaidi ni kifuniko cha rejeta. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka yafikapo karibu nyuzi 94, wala si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima hufungia shinikizo ndani, hivi kwamba maji hupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukichakaa, hata rejeta ya bei ghali haifui dafu.

Baadhi ya mafundi hung'oa thamostati wakidai gari litapoa. Kinachopatikana ni injini inayokawia kupata joto lake, inayobugia mafuta na kulika upesi, ilhali rejeta iliyoziba ingali imeziba.

Mshale wa joto ukipanda, gari lisimamishwe na injini izimwe. Kifuniko kisifunguliwe hadi rejeta ipoe, kwani maji hayo hufoka papo hapo na kumchoma aliyeinama.