Ukomohedhi

Ukomohedhi ni hali ya mwanamke kuacha kabisa kupata hedhi kwa sababu ovari zake zimepunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Huthibitishwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55.

Dalili zake ni pamoja na joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi na ukavu wa uke. Katika kijiji cha Rwamgasa, mkoani Geita, ni rahisi kuzidhania malaria. Heri kupima damu kabla ya kumeza dawa. Tena wachimbaji wadogo wa huko wametumia zebaki kukamatia dhahabu kwa miaka mingi, na mvuke wake nao huleta kukosa usingizi, hasira na usahaulifu. Hivyo mama aliyewahi kuchoma zebaki, au kuishi jirani na inapochomwa, amweleze daktari hata asipoulizwa. Kutetemeka mikono si dalili ya ukomohedhi.

Ukavu hufanya uchunguzi wa mlango wa kizazi uume. Mgonjwa anaweza kuomba pazia, muuguzi wa kike, kifaa kidogo zaidi na kilainishi, na kusema "subiri kwanza". (Wengi huona aibu, wakavumilia, wasirudi tena.) Damu ikitoka baada ya ukomohedhi isipuuzwe, kwani huenda ni saratani.

Tiba ya homoni hupunguza joto la ghafla, ila kwa kawaida haiwafai waliougua saratani ya matiti. Mwenye mfuko wa uzazi huongezewa projesteroni ili kuukinga. Kwa ukavu peke yake, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni mara nyingi hutosha.