SHIMO LINALOUA BILA KELELE
Kabla ya kushuka ndani ya shimo la choo, kisima au tangi, soma hapa kwanza

Katika toleo hili tunaongea juu ya jambo ambalo haliletwi na mbu wala na maji machafu, na hakuna chanjo yake. Ni hewa. Hewa ya ndani ya shimo la choo, ya ndani ya kisima, ya ndani ya tangi la maji, na ya mahali pengine popote penye mlango mdogo ambapo upepo haupiti.

Tunajua wengi wenu mnaishi kwa kazi hizo. Kuna vijana wanaochimba vyoo na kulipwa kwa futi. Kuna wanaoitwa mjini kuzibua shimo la maji machafu la loji au la shule. Kuna wanaosafisha visima wakati wa kiangazi maji yanaposhuka. Na kuna mtu ambaye hana kazi hiyo hata kidogo, ila simu yake imeponyoka mfukoni akiwa amechutama, imeanguka chini na tochi yake inawaka bado. Huyu wa mwisho ndiye tunayemwogopa zaidi, maana hakujipanga kwa lolote. Yeye anatafuta ngazi tu.

Wewe uliyetoka Kivu unalijua jambo hili

Wale waliotoka Goma, Sake na vijiji vya kando ya ziwa wanalifahamu neno mazuku. Ni pale mahali pa bondeni ambapo asubuhi unakuta mbuzi amelala amekufa, hana jeraha, na kuku pembeni yake vilevile. Wazee walisema ni upepo mbaya. Kweli ni upepo mbaya, lakini hauna uchawi. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Haionekani, haina harufu ya kukushtua, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo inatiririka kama maji, inajaa kwenye vibonde, na inakaa pale mpaka upepo uje kuitawanya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, na mtoto anayemfuata nyuma akaanguka, kwa sababu pua ya mtoto iko chini.

Gesi hiyohiyo ndiyo iliyotoka katika ziwa Nyos, nchini Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Ilishuka mabondeni ikaua watu wapatao 1,700, wengi wakiwa wamelala.

Sasa fikiria shimo la choo la futi 15. Hilo ni bonde dogo ambalo umelichimba mwenyewe, ukalifunika juu, halafu kila siku unatia ndani vitu vinavyooza. Huku Uganda tulipo hatuna mazuku nyuma ya nyumba, lakini kila nyumba ina shimo.

Ni nini kiko mle ndani

Hewa tunayovuta hapa nje ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Katika shimo lililofungwa, vijidudu vinavyoozesha uchafu vinaila oksijeni hiyo na kutoa gesi nyingine. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu 10 katika 100, mtu anapoteza fahamu. Huenda hatasikia kwamba anakosa pumzi, kama mtu anayezama majini anavyosikia. Miguu inalegea, akili inapotea, anaanguka. Wengi hawapati hata nafasi ya kupiga kelele, ndiyo maana kichwa cha habari hii kimesema hivyo.

Mbaya kuliko zote ni gesi inayoitwa haidrojeni salfaidi. Hii unaijua kwa harufu ya yai bovu. Watu wanasema, "Mimi nitasikia harufu ikizidi nitatoka." Hapo ndipo gesi hii inapowadanganya watu. Ikiwa kidogo inanuka sana, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni inaua uwezo wa pua. Harufu inapotea ghafla, na aliye chini anafikiri hewa imekuwa nzuri. Ikifika sehemu 1,000 katika milioni, pumzi moja au mbili zinatosha kumwangusha mtu. Kipimo hicho ni kama lita 1 ya gesi ndani ya madumu 50 ya lita 20.

Tena gesi hii haikai juu ikikungoja. Nyingi imejificha ndani ya uchafu wenyewe. Ukikanyaga au ukikoroga kwa koleo, inatoka kwa wingi mara moja, kama soda iliyotikiswa ukiifungua. Kwa hiyo mtu anaweza kufika chini, akasimama vizuri, akawaambia walio juu "hakuna shida", kisha akainama kufanya kazi na asiinuke tena.

Methani nayo imo. Hiyo inawaka moto na inaweza kulipuka, kwa hiyo sigara, kiberiti na mshumaa vikae mbali na shimo la choo.

Kisimani kuna jambo lingine. Watu wanateremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji, halafu fundi anashuka kuendelea kuchimba. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula (sigiri kama wenyeji wanavyoiita) ndani ya nyumba iliyofungwa. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo hautarudisha moshi. Tusiiteremshe chini hata kwa dakika 5. Na shimo la kuivishia ndizi za kasiksi, lile la moshi, lina hatari hiyohiyo. Usimtume mtoto aingize kichwa kuangalia kama zimeiva.

Kwa nini wanakufa wawili, watatu

Hili ndilo lililotufanya tuandike. Mtu wa kwanza anaanguka. Ndugu yake anaona, anasema amechoka au ameteleza, anashuka kumshika. Naye anaanguka. Jirani mwenye nguvu anakuja. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, iliandika kwamba katika vifo vya sehemu za namna hii, zaidi ya 60 katika kila 100 ni vya watu waliokuwa wanajaribu kuokoa. Soma tena hesabu hiyo. Waliokufa wakiokoa ni wengi kuliko wale waliokwenda kuokolewa.

Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye upendo, na sisi tumelelewa hivyo, kwamba ndugu hatumwachi. Lakini hewa iliyomwangusha wa kwanza bado iko palepale, haijaenda popote. Ukishuka bila kifaa cha kupumulia, humsaidii, unamwongezea mzigo yule anayekuja nyuma yako.

Basi ufanye nini, ndugu yako akiwa chini?

Piga kelele watu waje, na mtu mmoja kazi yake iwe kupiga simu kituo cha afya na polisi, na kumwita mwenyekiti wa kijiji. Mwambieni anayepokea simu kwamba mtu ameanguka shimoni na kuna gesi, ili waje wamejiandaa. Mwingine ahakikishe hakuna aliyewasha moto, na awarudishe watu nyuma, maana umati ukikanyaga ukingo, udongo au sakafu ya choo inaweza kuanguka na kumfunika.

Anayejibu au anayelia bado anapumua. Huyo mteremshie kamba yenye kitanzi au ngazi, ongea naye bila kuacha, mwambie apitishe kitanzi chini ya makwapa na asitikise uchafu. Asiyejibu, jaribu kumnasa nguo au mkanda kwa mti mrefu wenye ndoano. Wakati huo ingizeni hewa safi. Fungueni kila upande wa sakafu mnaoweza bila kumwangushia vitu. Tawi kubwa lenye majani likifungwa kamba na kushushwa na kupandishwa haraka, linavuta hewa ya juu kwenda chini. Halifanyi shimo kuwa salama kwa wewe kushuka, ila linampa aliye chini pumzi kidogo.

Akitoka, mpelekeni mbali na shimo, upande upepo unapotokea. Vueni nguo zenye uchafu, mfuteni mdomo na pua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja vyote viwili katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka msaada ufike. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Na hata akiamka akasema yuko sawa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, usiku, wakati kila mtu amekwisha kulala.

Maneno tunayoyasikia nyumba kwa nyumba

Sisi VHT tukipita tunaambiwa mengi. "Nitafunga kitambaa puani." Kitambaa, hata barakoa ya hospitali, kinazuia vumbi na matone. Gesi inapita kama vile hakuna kitu. "Nitakunywa maziwa kwanza." Maziwa yanakwenda tumboni na gesi inakwenda mapafuni, haviko njia moja. "Nitakunywa waragi kidogo nisisikie harufu." Hii inatusikitisha zaidi, kwa sababu pombe inaondoa ile akili ndogo ambayo ingekuambia utoke.

Wengine wanateremsha taa kisimani au kuku kwenye kamba. Tuseme ukweli: taa ikizimika ndani ya kisima, au kuku akifa, umepata jibu la hakika, usishuke. Lakini ikiendelea kuwaka haijakupa ruhusa. Taa haijui haidrojeni salfaidi wala kaboni monoksaidi. Na katika shimo la choo taa ya moto ni marufuku kabisa, kwa sababu ya ile methani.

Pia tunasikia kwamba ukimwaga jiki au majivu mengi, gesi inakufa. Haifi. Jiki ikichanganyika na dawa nyingine za kusafishia inaweza kutoa gesi mpya ya klorini inayochoma mapafu. Hata tangi la maji likisafishwa kwa klorini, tumia burashi ya mpini mrefu ukiwa nje. Usiingie humo na kujifungia na mvuke wake.

Kwa wanaochimba kwa malipo

Choo kipya kichimbwe mbali na kile cha zamani. Ukuta wa udongo kati yao ukiwa mwembamba, gesi inapita pembeni na kukukuta chini, na ukuta wenyewe unaweza kubomoka. Udongo unaotoa usiurundike kwenye ukingo, uweke angalau mita 1 nyuma. Aliye chini afungwe kamba kifuani, si kiunoni, na juu wabaki watu wawili ambao hawaondoki hata kununua airtime. Waongee naye kila wakati. Siku anapokaa kimya wasimuulize mara tatu, wavute. Asubuhi mnaporudi kwenye shimo lililolala, msirukie ndani. Pigeni hewa kwanza kwa muda mrefu.

Shimo lililokwisha kutumika, lililojaa, ni kitu kingine. Hilo haliingiwi na mtu, hata kwa shilingi ngapi. Linanyonywa kwa gari au linafunikwa na kuchimbwa jingine. Tajiri wa mjini akikuambia ushuke umalizie uchafu wa chini kwa ndoo, mwombe yeye aje na mashine na vifaa vya kupumulia. Asipokuwa navyo, kazi hiyo hana.

Na ile simu

Iache. Jaribu sumaku au ndoano kutoka juu ukitaka, bila kuingiza kichwa. Lakini elewa kwamba pesa zako za simu haziko ndani ya kile chombo. Ziko kwenye namba yako, nazo zinalindwa na namba yako ya siri. Nenda kwenye duka la kampuni ya laini na kitambulisho ulichojiandikishia, waifunge laini ile na kukupa nyingine yenye namba ileile. Majina ya watu utayakusanya tena polepole. Tukipita kwa majirani tunawashauri hivi: kabla ya kwenda chooni usiku, simu itundikwe shingoni kwa kamba, au tochi iwe nyingine.

Kama karibu yako kuna shimo la zamani lililoachwa wazi, au sakafu ya choo iliyooza na watoto wanachezea pale, usingoje. Weka miiba au miti kulizunguka leo, halafu mwambie VHT wa kijiji chako au mwenyekiti, aandike namba ya nyumba ilipo ili waletwe watu wa kulifukia.